Wahadhiri wa Kisumu na magharibi: kazi mnayoifanya nje ya kipindi imeandikwa wapi?

Mkunga_Mwalimu (Kisumu), Juni 2021

Hamjambo wanajukwaa.

Tangu tarehe 18 mwezi huu kaunti 13 za huku kwetu, Kisumu, Siaya, Busia, Kakamega, Vihiga na jirani zao hadi Migori na Bomet, zimerudi kwenye kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, na waajiri wameombwa wawaache watu wafanyie kazi nyumbani. Katikati ya hayo idara imetutumia fomu ya mzigo wa kazi. Jina la uniti, vipindi kwa wiki, idadi ya wanafunzi, saini. Nimeijaza, nimeisoma tena, na sikuiona ndani yake kazi iliyowavusha wanafunzi wangu tangu Machi mwaka jana. Nimefungua uzi huu kwa sababu najua siko peke yangu, na naamini jambo hili laweza kurekebishwa muhula huu huu tukilisemea pamoja.

Mimi ni mkunga, na ninafundisha uuguzi na ukunga katika chuo cha umma. Barua yangu ya ajira inasema mhadhiri. Lakini uuguzi haufundishwi darasani peke yake. Kabla ya korona, asubuhi nyingi nilikuwa wodi ya wajawazito na wanafunzi, nimesimama nyuma ya anayesikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, nikitia saini kitabu chake cha wodi akipatia. Mchana darasani. Juu ya hayo ni mratibu wa kozi ya mwaka wa tatu, nina wanafunzi wa uzamili ninaowasimamia tasnifu, na mara kwa mara huitwa kuwafundisha wahudumu wa afya wa kujitolea vijijini. Wodi ikizidiwa siwezi kusimama na daftari huku mama anajifungua, navaa glavu. Kazi zilikuwa nyingi hata wakati huo, ila kila moja ilikuwa na mahali pake. Ukitoka wodini unapanda matatu, ukishuka wewe ni mwalimu, jioni wewe ni mama wa watoto wawili wanaotaka kula.

Ikaja Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza akatangazwa Ijumaa tarehe 13. Jumapili Rais Kenyatta akaamuru shule zifungwe, na vyuo vikuu vikapewa hadi Ijumaa ya tarehe 20. Wiki iliyofuata kafyu ikaanza. Wanafunzi wetu wakaondolewa wodini pia, maana vifaa vya kujikinga havikuwatosha hata wauguzi walioajiriwa. Na huo ndio mwaka ambao Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeutenga kuwa mwaka wa wauguzi na wakunga, kwa kutimia miaka 200 tangu azaliwe Florence Nightingale. Tulikuwa tumepanga maadhimisho ya mwezi Mei na wanafunzi. Inaniuma mpaka leo kwamba kundi lile liliufungua mwaka wake kwa kufukuzwa wodini.

Chuo kikasema masomo yaendelee mtandaoni. Kipindi changu cha kwanza cha Zoom hakikupata hata nusu ya darasa. Sikuamini kwamba ni uvivu, kwa sababu nawajua. Nikaanza kuwapigia simu mmoja mmoja, usiku watoto wakilala. Nilitaka kujua uko wapi, una simu gani, na bando unanunua kwa pesa ya nani. Mmoja alikuwa akichuma majani chai Nandi. Mwingine alikuwa sokoni Luanda, kule Vihiga, anamsaidia mamake kuuza omena, na alinipigia yeye mwenyewe baadaye wateja walipopungua. Mmoja alikuwa Budalang'i, na mnakumbuka Mei ile mto Nzoia ulivyovunja kingo. Familia yao ilikuwa kambini na simu ya pekee ilikuwa ya babake, kabambe isiyo na intaneti. Saa moja ya Zoom ukiwasha video hula karibu gigabaiti nzima. Mzazi ambaye kibarua kimesimama atainunua vipi kila siku, kwa kila uniti?

Basi niliamua jambo moja, na mengine yote nikayapanga kulifuata: somo lolote liwe la kumfikia mwenye simu hafifu kuliko wote. Sauti fupi za WhatsApp, picha, maandishi. Zoom nikaiacha kwa maswali tu, mara moja kwa wiki, na anayekosa hapotezi kitu.

Niwaonyeshe kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu nadhani wanaotunga fomu hawajaiona. Chukua somo la kupima kimo cha mfuko wa uzazi. Nilifunga mto wa kulalia kwa leso juu ya meza ya kulia, mwanangu mkubwa akashika simu. Unatafuta ukingo wa juu wa mfupa wa kinena, unabana ncha ya tepe hapo, unaipandisha juu ya tumbo hadi kilele cha mfuko. Na tepe unaigeuza, namba zitazame chini. Ukiziona namba huku unapima, mkono utaelekea ile uliyoitarajia. Ukishafika kileleni ndipo unaipindua na kusoma. Kuanzia wiki ya 24 hivi hadi ya 36, sentimita hukaribiana na wiki za ujauzito; zikipishana kwa zaidi ya mbili tatu, uliza sababu. Wodini hayo nayasema kwa pumzi moja nikiwa nimeushika mkono wa mwanafunzi. Kwa simu yalitaka picha kadhaa, sauti chini ya kila picha, kisha kila mwanafunzi apime mto wake nyumbani, ajirekodi, anitumie, nimtazame, nimwambie, "Rudi nyuma kidogo, hapo uko juu ya kibofu." Mmoja baada ya mwingine, mpaka usiku.

Kwenye fomu kazi hiyo haipo, kwa sababu sikuwasha Zoom.

Tena kuna ile ya kusimamia tasnifu. Mwanafunzi wangu wa uzamili alikuwa akikusanya data kliniki ya wajawazito, na kina mama wakaacha kuja. Waliogopa korona, na wenye uchungu usiku waliogopa kafyu. Jambo hilo lilikuwa zito nchi nzima. Kule Nairobi Dkt. Jemimah Kariuki alianzisha Wheels for Life ili wajawazito wapate gari la kuwafikisha hospitali usiku bila malipo. Huku kwetu mwanafunzi wangu ilibidi abadilishe utafiti wote, aanze upya kupata kibali cha maadili, na kila hatua alikuwa akinipigia analia. Ni saa ngapi hizo? Zimeandikwa wapi?

Naomba msikie vizuri ninachosema. Siombi kupunguziwa. Nasema kazi iliyookoa muhula ndiyo isiyohesabiwa, na isipohesabiwa haitapewa mtu, haitapewa muda, na siku wale wanaoifanya wakichoka hakuna atakayejua ni nini kimekoma. Wenzangu, kwenu ikoje?

---

Fundi_Njoro (Nakuru)

Pole na kazi, Daktari. Nimekusoma hadi mwisho na nakuheshimu. Mimi niko upande wa uhandisi, na nina neno tofauti kidogo.

Ukianza kuhesabu simu za usiku na sauti za WhatsApp, kila mtu ataandika saa anazotaka. Mkuu wa idara atakagua vipi? Zoom angalau ina rekodi: uliingia saa fulani, ukatoka saa fulani, walikuwapo fulani na fulani. WhatsApp ni soko. Sauti inapotea chini ya salamu za siku ya kuzaliwa, mwanafunzi akibadilisha simu amepoteza muhula mzima. Mimi niliweka kila kitu Moodle, ule mfumo wa masomo wa chuo mtandaoni, aliyekosa leo atakikuta kesho.

Na kuna mambo hayafundishiki kwa simu. Kuchomelea chuma hakusikilizwi. Vipindi vya karakana niliviahirisha vyote mpaka tuliporudi, nikafundisha nadharia kwanza. Wanafunzi walilalamika, ila hakuna aliyepewa alama ya kitu ambacho hajakishika. Nakuuliza bila ubaya: yule aliyepima mto, utathubutu kumtilia saini kitabu?

---

Kijana_wa_Nzoia (Busia)

Hamjambo wakubwa. Mimi ni mwanafunzi, si wa Daktari wa juu, nasoma kozi ya ualimu. Naomba kusema kidogo kwa sababu Budalang'i imetajwa.

Mwaka jana maji yalipoingia tulihamia kwa mjomba kwenye mwinuko. Mtandao ulikuwa unapatikana karibu na shule ya msingi, chini ya mwembe, tena asubuhi na mapema. Tuliposikia Julai kwamba Telkom na Loon wameanza kurusha intaneti kwa maputo huku magharibi na bonde la ufa, nilifurahi sana. Lakini ilitaka laini ya Telkom na simu ya 4G, na yangu haikuwa ya 4G. Sasa hata hayo maputo yameshaondolewa, tangu Machi mwaka huu.

Mhadhiri wangu mmoja alikuwa wa Zoom tu. Akiona hupo anaandika hupo. Kwa uniti yake nilirudia mwaka. Mwingine alikuwa akituma maelezo kwa maandishi na kila Ijumaa ananitumia ujumbe wa kawaida, si WhatsApp, "Umefika wapi?" Kwa huyo nilipita. Sijui kama kuna mahali pa kuandika ujumbe wa Ijumaa kwenye hiyo fomu yenu, lakini mimi niko chuoni leo kwa ajili yake.

Mzee Fundi, hiyo Moodle yako ilikuwa inakataa kufunguka kwenye simu yangu. Nasema kwa heshima.

---

Mkunga_Mwalimu

Kijana, asante. Uendelee na masomo, na huyo mhadhiri wako mwambie hayo uliyotuambia sisi. Tunayasikia mara chache.

Fundi, umeuliza swali la haki na nalijibu moja kwa moja. Hapana, sikumtilia saini mtu kwa kupima mto. Saini ya kitabu cha wodi ni ya wodi. Baraza la Wauguzi halimpi mtu nafasi ya mtihani wa leseni bila mazoezi yaliyothibitishwa, na sawa kabisa, kwa sababu mwisho wake ni mama na mtoto. Mto ulikuwa wa kuutayarisha mkono. Tuliporuhusiwa kurudi wodini kwa makundi madogo, waliokuwa wamejirekodi nyumbani walihitaji kusahihishwa mara chache, na muda wa wodi ulikuwa mfupi mno kuupoteza kwa kufundisha tepe inaanzia wapi.

Halafu Desemba 7 wauguzi wakagoma, wiki mbili baadaye madaktari wakafuata. Sizungumzii mgomo wenyewe. Madai ya vifaa vya kujikinga na bima yalikuwa ya kweli. Nazungumzia mwanafunzi aliyefika mlangoni na sare yake safi akakuta hakuna wodi. Ratiba niliyokuwa nimeipanga na hospitali ikafutika, ikabidi niipange upya na vituo vya misheni na vya binafsi, kituo kimoja kimoja, kwa simu na kwa barua. Uratibu huo ulikula likizo yote ya Krismasi. Kwenye fomu mratibu ana kisanduku kimoja cha kuweka alama ya vema.

Kuhusu ukaguzi: Zoom inakuonyesha nani aliingia. Haikuonyeshi nani alielewa, wala nani alizima kamera akaenda kukamua ng'ombe kwa sababu alitumwa. Lakini kazi ya kumrudishia mwanafunzi maoni inaacha alama ukitaka iache. Rekodi yake ina tarehe, jibu langu lina tarehe. Rasimu ya tasnifu ina maoni pembeni, na kila maoni yana saa yake. Ratiba ya wodi ina saini ya mkuu wa wodi. Hayo yanakaguliwa vizuri kuliko orodha ya walioingia. Kinachokosekana ni safu ya kuyaandika.

Kuhusu Moodle nakubaliana nawe kwamba mambo yasitawanyike. Mimi huweka kila kitu huko pia, mwisho wa wiki, kama ghala. Ila ghala haliendi kumtafuta mtu.

---

Baba_Wawili (Nakuru)

Mimi si mhadhiri. Nimeoa mhadhiri. Anafundisha utabibu upande wa Kisumu, na nyumbani kwetu ni Nakuru.

Tarehe 26 Machi mwaka huu tulipofungiwa, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, hakuna kuingia wala kutoka, yeye alikuwa Kisumu. Vyuo vilisimamisha masomo ya ana kwa ana isipokuwa kwa waliokuwa kwenye mitihani na wale wa mafunzo ya tiba. Kwa hiyo wenzake wa vitivo vingine walirudi makwao, yeye akabaki kazini. Hadi Mei mosi tulipofunguliwa, watoto walimwona mama yao kwa simu.

Nataka kuwaambia jambo ambalo labda ninyi wenyewe hamlioni. Saa tatu usiku ndiyo ilikuwa saa yake na watoto. Anapiga, mdogo anamwonyesha daftari la hesabu. Katikati simu inaingia: mwanafunzi, au mwenzake wa hospitali anauliza zamu ya kesho, au mkuu wa idara anataka ripoti. Anasema, "Ngoja mwanangu, dakika mbili." Mdogo wetu alijifunza kukata simu mwenyewe akisikia mlio ule wa simu nyingine, anasema mama ameanza kazi.

Mwaka jana ilikuwa kinyume, sote nyumbani, mimi nikiwawekea watoto vipindi vya redio vya taasisi ya mitaala, KICD, vilivyokuwa vikipita KBC, yeye chumba cha pili anafundisha. Nilidhani huo ndio ulikuwa wakati mgumu. Kumbe akiwa mbali ni vigumu zaidi, maana kazi zake zote pamoja na sisi tulikuwa ndani ya simu moja, na betri ni ile ile.

Mkipeleka hayo mapendekezo yenu, tafadhali muandike pia saa ambazo mhadhiri hatafutwi. Naomba hivyo kama baba wa watoto.

---

Nyar_Kano (Kisumu)

Mwalimu, mimi ni muuguzi wa wodi, miaka mingi sasa. Wewe huenda hunifahamu lakini wanafunzi wako nimewapokea.

Nilisome hili swali kutoka upande wetu. Mhadhiri anapokuja wodini na kundi lake sisi tunashukuru, ni mikono. Anapovaa glavu kutusaidia tunashukuru zaidi. Ila wakati huu wa korona nimejiuliza jambo: akiambukizwa humu ndani, ni mgonjwa wa nani? Hospitali itasema si mfanyakazi wetu. Chuo kitasema hatukumtuma kuhudumia wagonjwa, tulimtuma kufundisha. Nilimwona mhadhiri mmoja akiugua mwaka jana, na barua zake zilizunguka ofisi kwa miezi. Sitaji mahali. Bili alilipa kwa mchango wa wenzake.

Hata chanjo ilipofika Machi mwaka huu, ile AstraZeneca, tulioko hospitali na walimu tulikuwa miongoni mwa wa kwanza, na mhadhiri wa uuguzi alikuwa na haki kote kuwili. Ya kwangu niliipata kazini. Yeye wa huku na huku alikuwa anaulizwa kitambulisho cha wapi.

Na hao wanafunzi mnaowafundisha kwa simu, mimi nawapokea na nawapima kwa jambo moja: kuvua. Kuvaa vifaa kila mtu anajua, ameona kwenye televisheni. Kuvua ndiko watu huambukizwa. Glavu kwanza, osha mikono, miwani, gauni unaivua kwa kuikunja nje iingie ndani, barakoa mwisho kabisa na ukishatoka chumbani, osha mikono tena. Kundi la mwisho ulilotuletea lilijua. Niliwauliza mlifundishwa wapi, wakaniambia kwa WhatsApp, mwalimu alitutaka tufanye kwa mfuko wa plastiki na rangi ya chakula, halafu tupige picha mikono yetu tuone rangi imegusa wapi. Nikasema huyo mwalimu anajua kazi.

Sasa kwa hali ya wodi mwezi huu, na wagonjwa wanavyoingia usiku na mchana, mwanafunzi asiyejua kuvua simruhusu mlangoni. Kwa hiyo hiyo kazi yako ya rangi isipoandikwa popote, mimi naiandika hapa.

---

Wa_Muda_Kakamega

Nimesita kuandika, lakini wacha niseme.

Mnazungumzia fomu ya mzigo wa kazi. Sisi wahadhiri wa muda hatuna hiyo fomu. Tuna hati ya madai. Unadai saa za darasani, na darasa lisipokuwapo, hakuna dai. Nafundisha vyuo viwili, na muhula wa Januari 2020 nilikuwa nimefika katikati vyuo vilipofungwa. Kimoja wapo kilinilipa. Kingine mpaka leo hakijanilipa, na tulipomaliza ile sehemu iliyobaki mtandaoni nikaambiwa saa za mtandaoni hazina kiwango kilichopitishwa, zisubiri. Bando langu, stima yangu, laptopu yangu.

Daktari, wewe unaomba safu. Wengine tunaomba kwanza karatasi. Wakati huo huo mimi ndiye mwenye darasa la mwaka wa kwanza, wale wengi, wanaohitaji kupigiwa simu kuliko wote, kwa sababu hawajazoea chuo na wengine walikuwa wamekaa wiki chache tu kabla ya kurudishwa nyumbani. Niliwapigia baadhi. Wote nisingeweza, salio la simu ni pesa. Msamaha wa ada za M-Pesa chini ya shilingi elfu moja ulitusaidia mwaka jana, lakini kwanza uwe na hiyo elfu.

Chama cha wahadhiri, UASU, kinapigania mkataba wa 2017 hadi 2021 kwa wenye ajira za kudumu, na Mungu awasaidie wapate haki yao. Sisi tunapiganiwa na nani? Niliuza boma la kuku kulipa kodi ya nyumba. Sisemi ili nionewe huruma. Nasema kwa sababu uzi huu unauliza kazi imeandikwa wapi, na ya kwangu imeandikwa kwenye daftari langu tu.

---

Fundi_Njoro

Ndugu wa Kakamega, pole sana. Hilo ni zito na halina mjadala.

Daktari, jibu lako la mto nimelikubali, na hoja ya rasimu zenye tarehe nimeikubali pia, hilo linakagulika. Nyar Kano naye amenishika kwa ile rangi. Nimekaa nikafikiri: wanafunzi wangu ningeweza kuwafundisha usalama wa karakana kwa simu kabla hawajaingia. Miwani, glavu, kukagua waya wa ardhi. Wangekuja tayari.

Kijana, Moodle nimeambiwa ina programu ya simu inayopakua somo ukasome bila mtandao. Nitawauliza watu wa mitambo kama yetu imeruhusiwa, na nitawarudia hapa.

Ninachoshikilia bado ni kwamba kuwe na kikomo. Bila kikomo, chuo kitasema vizuri, kazi ya usiku sasa inatambuliwa, basi ifanyeni kila usiku. Baba Wawili amelisema hilo vizuri kuliko mimi.

---

Mkunga_Mwalimu

Nimesoma kila mmoja wenu zaidi ya mara moja.

Nyar Kano, nakushukuru kutoka moyoni. Swali lako la mhadhiri akiambukizwa wodini sikuwa nimelipanga kwenye mkutano wa idara wa wiki ijayo, sasa nimelipanga la kwanza. Kabla ya mtu yeyote kuandikiwa saa za wodi, iwepo barua ya pamoja kati ya chuo na hospitali inayosema akiugua analipiwa na nani. Saa bila bima siwezi kumshauri mwenzangu azikubali, hasa wakati huu.

La pili ni safu yenyewe. Nitaomba mambo yaandikwe kwa majina yake: kusimamia wodini, kumrudishia mwanafunzi maoni ya kazi yake, kusimamia tasnifu, kuratibu. Ushahidi wa kila moja nimeshautaja. Na kando yake, kama alivyosema Baba Wawili, iandikwe saa ambazo mhadhiri hatafutwi. Kwa darasa langu nimeshaanza: baada ya saa mbili usiku sijibu, isipokuwa mwanafunzi aliye wodini na jambo la mgonjwa. Niliwaeleza sababu, wakaelewa haraka kuliko nilivyodhani. Mmoja akaniambia wao pia walikuwa wakiogopa kuwa wasipojibu usiku nitawaona wazembe.

Ndugu wa Kakamega, maneno yako yamenikalia. Nilipoanza uzi huu nilikuwa nikiwafikiria wenye fomu. Lakini wewe ndiye mwenye darasa la mwaka wa kwanza. Tukipeleka hoja hii bila nyinyi, chuo kitatoa saa za kufuatilia wanafunzi kwa sisi wa kudumu, kisha kiwape nyinyi madarasa makubwa zaidi bila saa hizo, maana kwenu hazina kiwango. Kwa hiyo hoja itaanza na nyinyi: saa ya mtandaoni ilipwe kama saa ya darasani, na ile mihula iliyokwama ilipwe kwanza. Idara yetu pia ina wahadhiri wa muda, nitawaomba waje mkutanoni wenyewe waseme. Kama unaweza, nitumie kwa ujumbe wa faragha mfano wa hiyo hati ya madai, bila jina la chuo, nione safu zake zikoje. Nataka niiweke mezani kando ya fomu yetu.

Wengine wenye fomu za vyuo vyenu, Maseno, Bondo, Kakamega, Kibabii, Njoro, piga picha, ficha majina, weka hapa kabla ya Jumatano. Kama kuna chuo ambacho tayari kina safu ya kazi ya wodini au ya kufuatilia wanafunzi, hiyo ndiyo ninayoihitaji kuliko zote.

---

Kijana_wa_Nzoia

Daktari, wanafunzi tunaruhusiwa kuandika barua ya kuunga mkono? Tuko tayari, tuko wengi.

---

Mkunga_Mwalimu

Mnaruhusiwa, na iandikeni. Semeni nani aliwafuata, kwa njia gani, na ilibadilisha nini kwenye masomo yenu. Majina ya wahadhiri wa kusifiwa yaandikwe. Ya wale mliokosana nao yaacheni.